Amiga 1200 ya marehemu mjomba na ruta ya faiba

Swali limetoka kwa mwalimu wa shule ya upili aliye Kisumu: "Mwaka 1994 mjomba wangu alirudi kutoka Leeds na kompyuta aina ya Amiga 1200. Aliitumia miaka mingi kuandika methali na ngano za Kijaluo alizozikusanya kwa wazee wa Seme na Asembo. Sasa ametuacha na mashine imenifikia mimi. Inawaka, na majina ya faili zake nayaona. Nyumbani tuna faiba na ruta yenye matundu manne ya kebo, lakini nyuma ya Amiga sioni tundu linalofanana na hayo. Je, naweza kuiunganisha kwa waya, niyatoe maandishi yale na pia niingie intaneti nayo? Chini yake kuna mlango mdogo, na ndani mna bodi iliyoandikwa 8MB."

Mwalimu, pole sana kwa kuondokewa na mjomba. Jibu ni ndiyo, Amiga 1200 huunganishwa kwa waya na ruta ya leo ikapata anwani yake kama laptopu yoyote ya nyumbani. Ila umeuliza mambo matatu kwa pumzi moja na inatubidi tuyatenganishe, kwa sababu moja lina haraka na mengine hayana. Kuyatoa maandishi hakuhitaji mtandao, na tafadhali kusiungoje mtandao. Kuiunganisha na ruta ni kazi ya subira na vifaa viwili vitatu. Kufungua tovuti za sasa ndiko kugumu, na ugumu wenyewe hauko kwenye waya.

Naanza na lenye haraka. Usiiwashe tena kwa sasa. Najua inawaka, na najua kila mgeni anayefika hapo nyumbani angependa kuiona. Lakini Amiga 1200 ilitoka mwaka 1992, na ndani ya hiyo ya mjomba mna vitu viwili vinavyozeeka vibaya. Kimoja ni diski kuu, yenye sahani zinazozunguka na kichwa kinachosoma kikielea juu yake. Siku itakayokataa kuzunguka haitakupa onyo, na methali za wazee zitabaki humo ndani. Kingine ni kapasita ndogo zilizochomelewa juu ya bodi. Za Amiga 1200 zinajulikana kwa kuvuja: majimaji yake hutambaa hadi kwenye njia za shaba na kuzila polepole. Dalili ya mwanzo huwa ni sauti iliyofifia upande mmoja au pande zote, na fundi akizigusa kwa chuma cha kulehemu husikia shombo. Zibadilishwe zote kwa mkupuo, hata zile zinazoonekana nzima. Fundi wa simu aliyezoea vipande vidogo ataiweza kazi hiyo kuliko fundi wa redio, mradi apewe orodha ya thamani zake, ambayo hupatikana kwa urahisi kwa kutafuta jina la mashine.

Ukifungua ule mlango wa chini, tazama pia kama bodi ya 8MB ina betri ya kuhesabia saa. Amiga 1200 yenyewe haina betri, lakini bodi nyingi za kuongeza kumbukumbu zilikuwa nayo. Ukiona betri yenye ukungu wa kijani au mweupe, itolewe kabla ya jambo lingine lolote.

Sasa maandishi. Diski ya Amiga 1200 ni ya inchi 2.5, aina ya IDE yenye pini 44, ileile ya laptopu za zamani. Fundi yeyote wa laptopu pale Oginga Odinga Street aliyekuwa kazini kabla ya diski za SATA kuenea huenda bado ana adapta ya kuigeuza kuwa USB. Mwombe aangalie pini namba moja mara mbili, kwa sababu kwenye pini hizo 44 mnapita pia umeme wa volti 5, na diski ikichomekwa kinyume inaungua. Ikishaunganishwa, Windows itasema haiitambui na itauliza kama iifomati au iianzishe. Kataa. Kataa hata ikiuliza mara tatu. Windows haijui mpangilio wa diski za Amiga, na kubofya kidogo tu kunaweza kufuta mwanzo wa diski ambamo orodha ya sehemu zake imo.

Kuna programu ya bure iitwayo WinUAE inayoiga Amiga nzima ndani ya Windows. Iendeshe kwa mamlaka ya msimamizi, iongezee diski hiyo kama diski halisi, na uiwekee alama ya kusoma tu. Itahitaji ile programu ya ndani ya Amiga inayoitwa Kickstart, ambayo unaweza kuinunua kihalali katika kifurushi cha Amiga Forever cha kampuni ya Cloanto. Jambo la kwanza kulifanya humo ni kutengeneza nakala ya diski nzima kuwa faili moja kwenye laptopu. Diski ya miaka ile ilikuwa ya makumi au mamia ya megabaiti tu, kwa hiyo nakala yote itaingia kwenye flashi yoyote uliyo nayo. Weka nakala mbili mahali pawili. Tangu dakika hiyo maandishi ya mjomba yamesalimika, na yatakayofuata yote tutayafanya bila hofu.

Faili zenyewe huenda zisifunguke kwenye Word. Kama aliandika kwa Wordworth au Final Writer, programu zilizopendwa na watu wa Amiga wakati ule, zifungue ndani ya WinUAE kwa programu ileile aliyoitumia, kwani itakuwa imo kwenye diski hiyohiyo. Kisha zihifadhi upya kama maandishi matupu, au RTF ukiliona chaguo hilo. Hapa kuna jambo la kushukuru: Kijaluo huandikwa kwa herufi za kawaida, na alama ya ziada ni kibainishi cha ng' tu, kwa hiyo maandishi matupu hayatapoteza kitu. Mtu aliyekusanya ngano kwa lugha yenye alama juu ya irabu angekuwa na kazi kubwa zaidi.

Tuje kwenye waya. Hukuliona tundu la ethaneti, yaani la kebo ya mtandao, nyuma ya Amiga kwa sababu halipo. Matundu yenye pini 25 ni mawili, moja la printa na moja la modemu, na yale ya pini 23 ni ya flopi ya nje na ya skrini. Usichomeke kitu humo kwa kukisia. Tazama upande wa kushoto wa kibodi: kuna mwanya mpana mwembamba. Huo ni mwanya wa PCMCIA, wa kadi zilizokuwa zikitiwa ubavuni mwa laptopu za miaka ya tisini, na ndio mlango ambao watu wengi wenye Amiga 1200 huutumia kuingia mtandaoni.

Kadi yenyewe iwe ya biti 16, na iwe inaafikiana na NE2000, muundo wa zamani wa kadi za mtandao ambao makampuni mengi yaliuiga. Draiva yake kwenye Amiga inaitwa cnet.device, kazi ya Bruce Abbott, na inapatikana bure Aminet, ile hazina ya programu za Amiga. Tatizo la kuzitafuta kwenye vifaa vya mitumba ni kwamba kadi za biti 32, ziitwazo CardBus, zina umbo lilelile, lakini kwenye Amiga hazifanyi kazi kabisa. Utazijua kwa ukanda wa rangi ya dhahabu wenye vinundu vidogo, ulio juu ya ukingo unaoingia kwenye mashine. Ukiuona ukanda huo, irudishe kadi. Mfano mzuri ni wa kadi za Netgear: FA411 ni ya biti 16 na inafaa, FA511 ni CardBus na haifai, na kwa macho ni mapacha. Pia nyingi za kadi hizi zina mkia, yaani kipande kifupi cha waya chenye tundu la kebo mwishoni. Kadi bila mkia wake ni hasara, maana mkia wa kampuni moja hauingii kwenye kadi ya nyingine. Ukienda Kibuye siku ya Jumapili, wakati soko limejaa, uliza laptopu mbovu za zamani badala ya kuuliza kadi. Wauzaji wengi hawajui kadi hiyo ni kitu gani, na mara nyingine inakuwa bado imo ubavuni mwa laptopu pamoja na mkia wake mfukoni mwa begi.

Lakini kabla hujanunua, ile bodi yako ya 8MB. Hapa ndipo watu wengi wenye Amiga 1200 hukwama wiki nzima wakilaumu kadi, kebo na ruta, na kosa haliko kwenye chochote kati ya hivyo.

Prosesa ya Amiga 1200, Motorola 68EC020, ina njia 24 za anwani. Hiyo maana yake inaweza kuona megabaiti 16 tu kwa jumla, na ndani ya hizo 16 kila kitu lazima kipate pa kukaa: kumbukumbu ya picha na sauti, programu ya ndani, chipu zenyewe, na vitu vinavyoongezwa. Commodore, kampuni iliyotengeneza Amiga, waliitengea PCMCIA megabaiti nne, kuanzia anwani $600000 hadi $9FFFFF (alama ya $ hapa si dola, inaonyesha namba za msingi wa 16). Bodi ya kumbukumbu ya mlango wa chini nayo huanzia $200000. Ikiwa ya megabaiti nne, inaishia $5FFFFF na majirani wanakaa kwa amani. Ikiwa ya megabaiti nane, inaendelea hadi $9FFFFF, yaani inakalia shamba lote la PCMCIA. Mashine ikiwaka inagundua mgongano huo na kuifunga PCMCIA. Hakuna ujumbe wa kosa. Kadi haionekani, taa haziwaki, basi.

Tiba inategemea bodi. Bodi nyingi za 8MB zina kipini cha kuchagua, kile kijiplastiki cheusi kinachoziba pini mbili, na ukikihamisha bodi inajitambulisha kama ya 4MB. Nyingine zina chaguo la kati la 5.5MB. Unapoteza kumbukumbu lakini unapata mtandao. Kama bodi ina prosesa yake, tuseme 68030, kumbukumbu yake kwa kawaida huwekwa juu ya zile megabaiti 16 na hakuna ugomvi wowote. Lakini kama ni bodi ya kumbukumbu tupu isiyo na kipini cha kuchagua, basi PCMCIA isahau na upite njia ya pili, ambayo kwa kweli ndiyo ninayokupendekezea tangu sasa.

Njia hiyo inaitwa plipbox. Ni kisanduku kidogo kinachochomekwa kwenye tundu la printa na kuligeuza kuwa tundu la ethaneti. Ramani yake ni ya wazi kwa umma, na moyo wake ni Arduino, bodi ndogo ya kupangia programu, yenye chipu ATmega328, pamoja na bodi ndogo ya ethaneti yenye chipu ENC28J60. Vyote viwili vinauzwa na maduka ya vifaa vya elektroniki Nairobi na kutumwa kwa basi hadi Kisumu, na mwanafunzi wako yeyote wa klabu ya sayansi mwenye mkono mtulivu anaweza kuviunganisha na plagi ya pini 25. Kumbukumbu yako ya 8MB inabaki nzima kwa sababu PCMCIA haihusiki. Hutafuti kadi ya miaka 25 iliyopita. Na ikiharibika unatengeneza nyingine. Kasi yake ni ndogo kuliko ya kadi nzuri, ila kwa faili za maandishi hutaiona tofauti. Jambo moja tu: usitegemee umeme wa tundu la printa, ni mdogo mno kwa ENC28J60. Kipe kisanduku chaja yake ya USB.

Swali linalofuata ambalo huwa naulizwa ni kama ruta ya faiba, yenye kasi ya gigabiti, itakubali kuzungumza na kitu cha megabiti 10. Itakubali, na naona fahari kulieleza hili kwa sababu ni kazi nzuri ya wahandisi ambayo watu hawaioni. Ethaneti ya megabiti 10 kwenye waya uliosokotwa ilisanifiwa mwaka 1990. Kifaa cha aina hiyo, hata kikiwa hakina la kusema, hutuma mapigo madogo kwenye waya kutangaza kwamba kipo. Vifaa vya baadaye, kuanzia kanuni za mwaka 1995, hujadiliana kasi kwa mapigo mengi yanayobeba ujumbe. Ruta yako ikituma ujumbe wake na kurudishiwa mapigo ya kawaida tu, inaelewa kwamba mwenzake ni wa zamani. Inashuka hadi megabiti 10, na inachagua mazungumzo ya zamu, mmoja akisema mwingine anasikiliza. ENC28J60 ndivyo ilivyo: haijui kujadiliana, na hutambuliwa kama ya zamu. Kwa hiyo mtu asikushauri uingie kwenye mipangilio ya ruta na kulazimisha pande zote zizungumze kwa wakati mmoja. Ukifanya hivyo ruta itasema bila kungoja, Amiga itadhani pakiti zimegongana, na utapata mtandao unaopita ping (jaribio dogo la kuuliza kama kifaa kinajibu) vizuri lakini unaokufa kila ukihamisha faili kubwa. Acha ruta ijichagulie.

Tahadhari ni kwa ruta na swichi mpya kabisa zenye tundu la gigabiti 2.5 au zaidi. Baadhi ya matundu hayo hayashuki hadi 10. Ikiwa taa ya tundu haiwaki, weka katikati swichi ndogo ya kawaida ya 10/100, na mambo yatakwisha. Kebo yoyote ya Cat5e inatosha, na kati ya jozi zake nne ni mbili tu zitakazofanya kazi, zile za pini 1 na 2, na 3 na 6. Hata kebo ambayo ruta haipandi nayo gigabiti, kwa sababu jozi mojawapo imekatika, inaweza kuifaa Amiga ikiwa jozi hizo mbili ni nzima.

Programu ya mtandao haimo kwenye Workbench 3.0, mfumo wa uendeshaji wa Amiga aliyoitumia mjomba, lazima uiongeze. Zipo kadhaa. AmiTCP ndiyo ya zamani na ina toleo la bure, lakini kuipanga kunachosha. Mimi nashauri Roadshow ya Olaf Barthel. Inauzwa, na ina toleo la majaribio linalojikata baada ya muda mfupi, lakini muda huo unatosha kukuhakikishia kwamba vifaa vyako vinaelewana kabla hujalipa.

Unaziingizaje programu hizi kwenye mashine isiyo na mtandao bado? Hapa ile kazi ya WinUAE inakulipa. Usiirudishe diski ya zamani ndani ya Amiga, ihifadhi kama kumbukumbu ya familia. Nunua kadi ya CompactFlash na adapta yake ya IDE ya pini 44, ihamishie yaliyomo kwenye nakala, na uweke Roadshow na draiva ukiwa bado kwenye laptopu. Kisha ndiyo uitie ndani ya Amiga. Mambo mawili uyazingatie. Mfumo wa 3.0 hauoni zaidi ya gigabaiti 4, kwa hiyo kadi ya ukubwa huo au chini yake inakuondolea matatizo. Na unapoigawa kadi kwa HDToolBox, programu ya Amiga ya kugawa diski, thamani ya MaxTransfer, yaani kiasi cha data kinachohamishwa kwa mkupuo, iwe 0x1FE00. Ukiiacha kama ilivyo, faili ndogo zitakuwa sawa na kubwa zitaharibika kimyakimya, na utakuja kugundua umeshachelewa.

Draiva, plipbox.device au cnet.device, inakaa kwenye DEVS:Networks. Kisha ndani ya DEVS:NetInterfaces tengeneza faili ya maandishi yenye jina upendalo, tuseme plipbox, na uandike mistari hii mitatu:

device=plipbox.device
unit=0
configure=dhcp

Washa upya, fungua Shell, yaani dirisha la kuandikia amri, andika AddNetInterface plipbox, halafu ShowNetStatus. Ukiona anwani inayoanza na 192.168, ruta imeshakupokea. Jaribu ping kwa anwani ya ruta yenyewe kwanza, kisha kwa laptopu yako, kisha nje. Mpangilio huo una maana: ruta ikijibu na nje kusijibu, kebo na draiva havina kosa, tatizo ni jina au njia ya kutokea.

Kama utaishia kutumia kadi ya PCMCIA badala ya plipbox, ujue kwamba Amiga 1200 ikiwashwa upya bila kuzimwa, mara nyingi haiipi kadi ishara ya kuanza upya. Kadi inabaki ilikokuwa na draiva inaikosa. Programu ndogo iitwayo CardPatch, ikiwekwa kwenye Startup-Sequence, faili ya amri zinazoendeshwa Amiga inapowaka, hupunguza usumbufu huo. Ikishindikana, zima kabisa, ngoja kidogo, washa.

Kuhusu kasi, usitarajie hata megabaiti moja kwa sekunde kwa prosesa ya 14 MHz. Mwisho wa waya wa megabiti 10 ni megabaiti 1.25, na prosesa hiyo inabeba kila pakiti kwa mikono yake. Ngano ndefu kuliko zote za mjomba itavuka kabla hujainua kikombe cha chai.

Ya kuvinjari sasa. Amiga yako ikishakuwa na anwani, itaweza kuuliza ukurasa wowote duniani, na karibu kurasa zote zitaikatalia. Sababu ni usimbaji fiche. Tovuti za leo hudai mazungumzo ya siri yenye hesabu nzito kabla ya kukupa hata neno moja. Ipo maktaba ya Amiga ya kufanya hesabu hizo, AmiSSL, na inakubali prosesa ya 68020 na mfumo wa 3.0, lakini kwa mashine yako kila salamu ya kwanza ya tovuti itachukua muda wa kukata tamaa, na kumbukumbu italia. Na ukishapita hapo, vivinjari vya Amiga kama AWeb na IBrowse haviwezi kuchora kurasa za sasa kama simu inavyozichora.

Njia yenye heshima kwa mashine ni kumpa mkalimani. Kwenye laptopu ya zamani au Raspberry Pi, ile kompyuta ndogo ya bodi moja, weka programu ya proksi iitwayo WebOne. Kivinjari cha Amiga kinaiuliza WebOne kwa lugha ya zamani, WebOne inakwenda nje kwa lugha ya siri ya leo, inaleta ukurasa na kuukabidhi bila siri ndani ya nyumba yako. Ipo pia tovuti ya FrogFind, iliyotengenezwa kwa ajili ya kompyuta za zamani, inayotafuta na kupunguza kurasa zibaki maandishi matupu. Usiandike nenosiri lolote kwenye Amiga, wala usiingie benki au barua pepe nayo.

Kwangu mimi lakini, uzuri wa kuiunganisha hauko huko nje. Uko kwenye mtandao wa ndani. Weka seva ndogo ya FTP, njia ya zamani ya kuhamisha faili, kwenye laptopu, na upande wa Amiga utumie AmiFTP. Wanafunzi wako wataandika upya ngano moja kwenye kibodi ileile aliyoigusa mjomba, na faili itatua kwenye laptopu tayari kuchapishwa. FTP hutuma kila kitu wazi, ndiyo, ila ikibaki ndani ya kuta zako hakuna anayesikiliza. Mtu akikushauri badala yake uwashe SMB1, njia ya zamani ya Windows ya kushirikisha folda, ili Amiga ione folda zako, kataa. Microsoft waliizima kwa sababu nzuri: ndiyo iliyotumiwa na kirusi WannaCry mwezi Mei 2017. Na kwenye mipangilio ya ruta usifungue njia yoyote ya kutoka intaneti kuelekea Amiga. Haina ulinzi wowote wa kwake.

La mwisho ni la hali ya hewa yetu. Ninyi wa kando ya ziwa mnaijua radi ya alasiri kuliko sisi wa Nakuru. Tundu la ethaneti limetengenezwa kuhimili volti 1,500 kati ya waya na mashine, na radi inayopiga karibu inazidi hapo bila shida. Kebo yako iwe fupi na ibaki ndani ya nyumba moja, isivuke ua kwenda kibandani wala nyumba ya pili. Mawingu yakikusanyika, chomoa kebo na uchomoe stima pia. Na kwa kuwa stima ikirudi hurudi kwa kishindo, weka kifaa cha kulinda volteji, kile wanachouza kwa ajili ya friji, kati ya soketi na Amiga. Chaja asilia ya Amiga 1200 iliyonunuliwa Uingereza ni ya volti 240, sawa na zetu, hivyo haihitaji transfoma.

Kabla hujatumia shilingi yoyote, nipigie picha ile bodi ya 8MB pande zote mbili, maandishi ya chipu yaonekane na vipini vyote vya kuchagua vionekane. Nikiiona nitakuambia kama inaweza kushushwa hadi 4MB na kama ina prosesa yake, na hapo tutajua kama uende Kibuye kutafuta kadi au umpe mwanafunzi kazi ya plipbox. Ila diski ipeleke kwa fundi wiki hii, picha inaweza kungoja.